MBIO ZA BARABARANI: ANAYEKIMBIA NA ANAYEMSIMAMISHA

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama na vijana mnaosoma gazeti letu nyumbani, safari hii ukurasa wa usalama na afya unatoka shimoni na kwenda barabarani. Sababu yake mnaijua. Kila tunapopata utulivu kidogo, timu huanza kuulizana mbio zitafanyika lini tena, na dispensari huanza kupata wageni wasioumwa. Huyu anataka apimwe presha, yule anaomba vitamini za mbio, mwingine anauliza kama ni kweli kunywa mayai mabichi kunaongeza pumzi. (Si kweli. Mayai hayo yapikeni muwape watoto.)

Mimi nimekuwa pande zote mbili za kamba. Jumamosi ya mashindano huvaa kitambaa cha msalaba mkononi na kukaa na wasimamizi. Jumapili mwenzangu hunipokea zamu, nami hufunga namba kifuani na kukimbia pamoja na kundi la watu waliovuka miaka thelathini. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona nikiwa nimesimama, na nimeyaona nikiwa ninahema. Kabla hatujatangaza mbio nyingine, nataka tuelewane juu ya jambo moja: nani ana haki ya kumtoa mkimbiaji barabarani, na kwa nini mkimbiaji huyo, na ndugu zake, na kapita wake, wanapaswa kumpisha mtu huyo afanye kazi yake.

KUTOKA KIROTSHE HADI RIO

Wako wanaosema mbio ndefu ni mambo ya Wakenya na Waethiopia. Wanasahau Kirotshe, hapa hapa Masisi, kwenye mwambao wa Ziwa Kivu. Makorobondo Salukombo aliondoka Kongo akiwa mtoto kwa sababu ya vita, akakulia Cleveland huko Marekani, kisha akarudi kuanzisha kundi la vijana wakimbiaji Kirotshe. Mwezi wa Agosti 2016 alikimbia maratoni ya Olimpiki huko Rio de Janeiro akiwakilisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga, aliyefanya mazoezi na kundi hilo, alikimbia mita 5,000. Mazoezi yao hayakufanyika kwenye uwanja wenye viti na taa. Yalifanyika kwenye barabara zetu hizi, katikati ya malori, pikipiki, akina mama wenye mizigo ya ndizi na vijana wa chukudu wanaoteremka na makaa huku wakipiga kelele watu wapishe.

Basi miguu tunayo, na milima tunayo. Ninachotaka tukitazame ni kile kinachotokea miguu ya milimani inapopelekwa mahali pengine.

MTU WA MASISI KATIKA JOTO LA WALIKALE

Tazameni nchi yetu ilivyolala. Kirotshe, hapo chini ziwani, iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vya Masisi, kule kwenye ng'ombe na jibini, vinapita mita 2,000. Asubuhi huko mtu hutoka na koti. Lakini ukishuka kuelekea magharibi, ukiacha malisho na kuingia msituni mpaka mto Lowa, umeshuka chini ya mita 1,000. Hewa ya Walikale ni nzito, ina maji ndani yake. Shati ulilofua asubuhi linaweza kufika jioni halijakauka, na shati hilo lingetosha kutufundisha somo lote la leo.

Mwili wa mkimbiaji ni kama jiko. Misuli ikifanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka joto, na robo tu ndiyo inayokusogeza mbele. Joto hilo lazima litoke, na njia yake kubwa ni jasho. Lakini jasho lenyewe halipozi kitu kwa kutiririka. Linapoza linapokauka juu ya ngozi. Kule Masisi jasho hukauka upesi hata hulioni, na mkimbiaji hudhani hatoki jasho. Kule Walikale linadondoka chini kama mvua, na joto linabaki ndani. Mtu yule yule, mwendo ule ule, kilometa zile zile, lakini jiko limefungwa mfuniko.

Hapo husikia watu wakinipinga. Wananiambia: Muganga, huyu kijana alibeba kilo 50 za kasiterite mgongoni kutoka Bisie mpaka Njingala, kwa njia ya msituni, kabla barabara haijapasuliwa. Mbio za kilometa kumi zitamfanya nini? Swali ni zuri, na jibu lake ni mwendo. Mbebaji hutembea polepole, chini ya kivuli. Akichoka huegemeza mzigo kwenye mti, huvuka kijito akajimwagia maji, huketi na kula chikwanga. Hakuna anayemshangilia kwa kuwa mbele, wala hapati mbuzi akifika wa kwanza. Mshindani hana kivuli wala mahali pa kuegemeza, na joto analolitengeneza kwa saa moja ni kubwa kuliko la mbebaji. Tena mara nyingi wanaoanguka si wale dhaifu. Mtu dhaifu miguu humsimamisha mapema. Anayeanguka ni yule mwenye nguvu na moyo wa kuweza kujisukuma mpaka kwenye hatari.

Jambo hili wachimbaji wenzetu walilijua zamani. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, watu walikufa kwa joto chini ya ardhi, na madaktari wa migodi wakaanza kuwapima wafanyakazi wapya na kuwazoesha joto kidogo kidogo kabla ya kuwapeleka kwenye kazi nzito. Baadaye yakawepo majumba maalumu yenye joto na unyevu ambamo watu walipanda na kushuka kwenye gogo siku baada ya siku. Mwili hujifunza. Katika siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi kwenye joto, jasho huanza mapema na kuongezeka, moyo haupigi tena kwa fujo, na damu yenyewe huongezeka maji. Lakini lazima ufanye mazoezi humo humo kwenye joto. Kufika na kulala tu hakutoshi.

Timu inayotoka Masisi Ijumaa usiku juu ya lori, ikalala vibaya, ikakimbia Walikale Jumamosi, imekuja na miili ya Masisi. Wasimamizi watakaopanga ratiba wayajue hayo. Kama timu haiwezi kufika wiki moja au mbili kabla, mbio zianze jua likichomoza, na umbali upunguzwe. Sioni aibu yoyote katika kilometa tano.

KUPIMA NJIA

Wengi hudhani msimamizi ni mtu wa filimbi na bendera. Kazi yake kubwa huifanya kabla ya siku yenyewe, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa si ya dispensari.

Njia hupimwa kwa baisikeli. Unaazima mkanda wa chuma kwa mpima-ardhi wa mgodi (mrudishie ukiwa msafi, nao watakuazima tena), unapima mita 300 kwenye barabara iliyonyooka, kisha unapanda baisikeli na kuhesabu gurudumu linazunguka mara ngapi kutoka alama hadi alama. Unarudia mara nne. Ukishajua mizunguko ya mita 300, unaendesha njia nzima ukifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji mjanja angeufuata, sentimeta 30 kutoka ukingo wa kila kona. Kisha unaongeza mita moja kwa kila kilometa, ili njia isije ikawa pungufu. Baadaye unarudi kwenye zile mita 300 na kupima tena, kwa sababu jua la mchana huivimbisha hewa ya tairi na gurudumu linabadilika. Kwenye barabara zetu zenye mashimo ya matope kazi hii huchukua asubuhi nzima, na watoto wote wa kijiji hukufuata wakihesabu kwa sauti, wakikuharibia hesabu.

Kwa nini nayaandika haya kwenye ukurasa wa afya? Kwa sababu mtu aliyeambiwa amebakiza kilometa moja hutoa nguvu zake zote za mwisho. Kama kibao kimedanganya na kumebaki mbili na nusu, umemwua. Tena machela na bidoni za maji huwekwa kwa kufuata kilometa. Msaidizi akisema kwenye simu kwamba mtu ameanguka kilometa ya nane, lazima sote tujue kilometa ya nane iko kwenye mwembe gani.

Jambo la pili ni magari. Mnakumbuka kipande cha lami cha Kilambo, ambapo ndege ndogo zilikuwa zikitua katikati ya barabara kuchukua kasiterite. Ndege ikikaribia, askari waliwasimamisha watu na magari pande zote mbili, na hakuna dereva aliyebishana nao, maana kila mtu aliliona bawa lile. Mkimbiaji hana bawa. Kwa hiyo kila njia panda iwe na mtu mzima mwenye bendera, wala si mtoto, na pikipiki zizuiwe mpaka wa mwisho apite. Ninasema wa mwisho. Wasimamizi wengi hufungua njia baada ya watu kumi wa kwanza, na wale wa nyuma, waliochoka na wasiosikia vizuri, ndio wanaokutana na lori.

Ruhusa ya wakuu wa mahali na habari za usalama ni za kwanza kabla ya yote haya. Mwezi wa Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale sentre. Mahali ambapo akina mama wanaogopa kwenda shambani, hatupeleki wakimbiaji.

NANI ANAWEZA KUMGUSA MKIMBIAJI

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi, hata wasimamizi, wanaamini kwamba mganga akimgusa tu mkimbiaji, mkimbiaji huyo ametolewa. Imani hiyo ina historia.

Mwaka 1908, tarehe 24 Julai, mjini London, Mwitalia Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza katika maratoni ya Olimpiki. Alikuwa amelewa kwa uchovu. Akageuka upande usio wake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na wasimamizi pamoja na daktari wakamwinua na kumsaidia mpaka akavuka kamba. Wamarekani wakashtaki, na haki ilikuwa yao: ushindi akapewa Johnny Hayes, aliyefika kwa miguu yake mwenyewe. Pietri alipewa kikombe na Malkia Alexandra kesho yake, kwa huruma. Kwangu mimi kosa la wasimamizi wale halikuwa kumgusa. Walimgusa ili kumsukuma mbele, wakati mtu wa hali ile alipaswa kuguswa ili alazwe chini.

Miaka minne baadaye huko Stockholm, mwaka 1912, Mreno Francisco Lázaro alianguka katika maratoni siku ya joto kali na akafa siku iliyofuata. Inaelezwa kwamba alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini kujikinga na jua, na jasho likakosa njia ya kutoka. Vijana wanaokimbia wamevaa makoti ya mvua ya nailoni ili wakonde, nawaomba wamfikirie Lázaro.

Kisha tarehe 5 Agosti 1984, Los Angeles. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kukimbia maratoni ya Olimpiki. Mswisi Gabriela Andersen-Schiess aliingia uwanjani amepinda upande mmoja, mkono mmoja unaning'inia, anayumba. Mzunguko wa mwisho ulimchukua karibu dakika sita. Waganga walitembea kando yake bila kumshika, wakimtazama, na kwa kuwa waliona bado anatoka jasho, wakamwacha amalize. Alimaliza wa 37, akatibiwa, akapona. Dunia nzima ilimshangilia, na bado picha zake zinaonyeshwa kama mfano wa ushujaa.

Nami namheshimu mama yule. Lakini kwa elimu tuliyo nayo leo, singemwacha. Tunajua sasa kwamba mtu anaweza kuwa na pigo la joto huku ngozi yake imelowa jasho. Jasho si ushahidi kwamba yuko salama. Ushahidi uko kwenye akili yake: anajua alipo, anajibu unachomuuliza, anakwenda mstari ulionyooka? Akikosa hayo, mbio zake zimekwisha.

Na sheria iko upande wa mganga. Kwa sheria za sasa za Shirikisho la Riadha la Dunia, mganga aliyeteuliwa rasmi akimpima mkimbiaji kwa mikono yake katikati ya mbio, hilo halihesabiwi kuwa msaada. Akimkuta mzima, mkimbiaji anaendelea na mbio zake. Lakini mganga huyo akimwamuru atoke, lazima atoke hapo hapo. Hakuna rufaa kwa kapita wala kwa mjomba.

Hapa mtu ataniuliza juu ya Mtanzania John Stephen Akhwari, ambaye kila mtoto wa Afrika Mashariki amesimuliwa habari zake. Mexico, Oktoba 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, Akhwari alianguka akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea akichechemea, akafika wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Je, naye angesimamishwa? Mimi ningemfunga bendeji na kumwacha aende. Goti lilikuwa linamuuma, lakini kichwa chake kilikuwa kizima, alijua anakwenda wapi na kwa nini. Maumivu ni mali ya mkimbiaji mwenyewe, anaweza kuamua kuyabeba. Akili ikishaondoka, hakuna tena mtu wa kuamua, na mwingine lazima aamue badala yake.

KILOMETA YA NANE

Mwaka mmoja, kwenye mbio za kilometa kumi upande wa Walikale, kijana wa timu iliyotoka milimani aliongoza tangu mwanzo. Zawadi ilikuwa godoro na mbuzi, na kijana alikuwa na mke aliyekaribia kujifungua. Kwenye kilometa ya nane mwalimu aliyeshika bendera akaona anavuka barabara kutoka ukingo hadi ukingo kama mtu anayetafuta kitu. Akapuliza filimbi mara tatu, ishara tuliyokubaliana.

Mimi nina maswali yangu matatu ya kumuuliza mkimbiaji. Kapita wako ni nani? Hapa tuko wapi? Umebakiza kilometa ngapi? Nilipomuuliza la kwanza, alinijibu kwamba ng'ombe ameingia katika maharagwe. Nikamshika kiunoni, tukamlaza. Jasho lilikuwa linamtoka tele.

Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akimfuata na pikipiki nyuma ya kamba, alifika juu yetu akipiga kelele: "Muganga, mwachilie! Zimebaki mbili tu! Yuko wa kwanza!" Watu wa timu wakakusanyika. Wengine walitaka kumwinua wambebe, wengine walitaka kumnywesha maji kwa nguvu. Mtu asiye na akili zake hanyweshwi, maji huingia kwenye mapafu.

Tulifanya kile ambacho wasaidizi wote wa mbio wanapaswa kukijua. Akina mama walisimama wakazunguka na vitenge kumstiri, nikampima kwa kipimajoto kupitia njia ya haja kubwa, kwa maana kwapani na mdomoni hudanganya mtu akiwa ametoka kukimbia. Kilisoma zaidi ya nyuzi 41. Tukamweka katikati ya shitingi, watu sita wakashika kingo na kuzinyanyua mpaka ikawa kama beseni, na vijana wakamwaga bidoni za maji ya kijito, moja baada ya nyingine, huku tukimkoroga maji mwilini, shingo, kwapa na mapaja. Barafu hatuna, lakini kijito cha msituni ni baridi ya kutosha kuokoa mtu kama kinamwagwa bila kusita. Dawa za homa hazisaidii hapo, wala parasetamoli wala aspirini. Na hatukumpakia kwenye gari kwanza. Safari ya nusu saa juu ya barabara ile, na joto lile kichwani, ndiyo inayoua. Kwanza poza, ndipo usafirishe. Huko Falmouth, Marekani, ambako hukimbiwa mbio za barabarani kila mwezi wa Agosti, watu 274 walitibiwa pigo la joto kwa kutumbukizwa katika maji baridi pale pale kando ya njia katika muda wa miaka 18, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

Baada ya dakika kama kumi na tano kijana aliuliza: "Kiatu changu kingine kiko wapi?" Nilipima, nyuzi 39 kasoro. Tukamtoa majini, tukamfunika, tukampeleka hospitali alale chini ya uangalizi, maana figo na ini zinaweza kuumia na kuonekana kesho yake.

Mbuzi alikwenda kwa timu nyingine. Kapita wake hakunisalimia mpaka mavuno ya maharagwe yaliyofuata. Kijana mwenyewe alikuja dispensari baada ya wiki mbili na mkewe, akaniambia hakumbuki chochote kuanzia kilometa ya sita.

MAMBO MENGINE KWA UFUPI

Wengi wanaoanguka huanguka baada ya kuvuka kamba. Hao mara nyingi hawana hatari: miguu imesimama ghafla, haisukumi tena damu kwenda juu, kichwa kinakosa damu. Mlaze, inua miguu yake juu ya kiti, na baada ya dakika chache atakuwa anatafuta soda. Kwa hiyo wafikao watembee kidogo, wasisimame hapo hapo kupigwa picha. Aliyeanguka kabla ya kamba ndiye wa kukimbiliwa.

Aliyeanguka ghafla, haitiki na hapumui vizuri, moyo wake umesimama. Usimwagie maji wala usimpepee. Weka mikono miwili katikati ya kifua na bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wafike wenye msaada zaidi. Walioikosa siku tuliyowafundisha wakubwa wa zamu waje waonyeshwe.

Maji: kunywa ukiona kiu. Kuna wanaojaza tumbo kama bidoni wakidhani ndio usalama. Katika maratoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka, hasa kwa kunywa kupita kiasi. Mwanamke mmoja kijana alikufa katika mbio zile kwa ajili hiyo.

Malaria: mwenye homa, au aliyeanza dawa za malaria juzi, hakimbii. Huyo ameshawasha jiko kabla ya mbio. Na aliyeharisha usiku hakimbii pia. Apewe lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe polepole akae na watazamaji. Kasiksi ya Ijumaa jioni sina haja ya kuisemea, harufu yake hujisemea yenyewe kwenye mstari wa kuanzia.

Na sisi tunaokimbia Jumapili tusijifanye wataalamu wa miili yetu. Nikifika kilometa ya saba hata mimi huanza kuwaza mambo yasiyo na kichwa. Mwenzangu mwenye filimbi huniuliza maswali yale yale matatu niliyomfundisha mimi mwenyewe, nami humjibu kwa hasira. Akiona nimekosa jibu, anitoe.

Timu zinazotaka kushiriki mbio zijazo zilete majina dispensari wiki tatu kabla, jioni baada ya zamu ya mchana kutoka. Kila mtu aje mwenyewe apimwe, asimtume ndugu. Aje na viatu atakavyokimbilia, na amlete mtu mmoja wa nyumbani, mke au kaka au mama, asomewe sheria ya filimbi na kuitia sahihi pamoja naye. Wasaidizi kumi na wawili wa njia bado wanatafutwa, na shitingi tatu zisizotoboka.